Ukuta Aliousifu Baba

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu wengi na swali moja: Mzee anaona? Liliulizwa asubuhi kabla sijapiga mswaki, likaulizwa tena mchana. Waliouliza walikuwa na haki. Ni wao, majirani zetu wa Kapsoya na watu wa kanisa, waliochanga hadi baba akapanda ndege kwenda India kutibiwa macho, na mimi bintiye nikapanda naye kumshika mkono.

Baba alikuwa mchoraji wa kuta za maduka. Ukipita mitaa ya Pioneer au Kimumu bado utaona kuku wa hoteli aliyenona kuliko yeyote anayepikwa humo ndani, na herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Hizo ni zake. Kisha macho yakaingia ukungu, na kwa miaka mitatu akawa anaijua nyumba yake kwa kupapasa.

Jicho la kulia lilipofunguliwa bandeji, daktari alituambia tungoje. Kuona kungekuja polepole, au pengine kusije. Baba hakungoja. "Waandikie naona," akaniambia siku hiyo hiyo. Nikaandika, na amina zikamiminika. Jioni akamwaga chai akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Sikumuuliza. Nilijua kilichomsumbua. Mtu aliyechangiwa na mtaa mzima anarudije vile alivyotoka? Lakini nilikasirika pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiandika ule uongo.

Mwenye nyumba tuliyopanga karibu na hospitali ndiye aliyetutajia mapango. Alisema watawa wa Kibudha waliyachonga kwenye jabali zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, wakachora kuta zake, na michoro ingalipo. Baba akaketi wima. "Rangi gani hiyo haibanduki? Yangu hapo Pioneer haimalizi mvua mbili." Nikaona hapo ndipo pa kumjaribu. Daktari aliporuhusu, tukaenda.

Mapango yamejipanga kwenye ubavu wa jabali lililopinda, mto uko chini. Tulipanda ngazi polepole, baba akiwa amevaa miwani myeusi na kofia yake ya kanisani. Mlangoni mwa pango la kwanza tulivua viatu. Ndani palikuwa na ukumbi wa nguzo, baridi tamu, na vyumba vidogo pembeni ambamo watawa walilala juu ya mawe. Baba akasimama mbele ya ukuta, akafunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Kazi safi," akasema. "Angalia hizo nyuso."

Ukuta ulikuwa mtupu. Mlinzi, mzee mwembamba mwenye tochi, alininong'oneza kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba upande ule rangi yote ilishaanguka zamani. Nikamwambia najua. Baba aliendelea kusifu, akasifu hadi vidole vya watu wasiokuwepo. Sijawahi kumhurumia mtu vile, na sijawahi kutamani kumfokea mtu vile. Nikamshika kiwiko tukatoka.

Pango la pili lilikuwa na giza zaidi. Nilimvua miwani mwenyewe, kwa ukali kidogo. Mlinzi alitufuata, akamulika kwa tochi yake kutoka ubavuni, mwanga ukatambaa ukutani. Akatokea mtu mkubwa mwenye taji, macho ameyainamisha, ameshika ua. Kumzunguka kulikuwa na watu, nyani na majani, rangi ya udongo na ya kijani iliyofifia. Mimi nilisahau kilichonileta. Baba alikisogelea kizuizi cha mbele ya ukuta mpaka tumbo likakigusa, akafumba jicho bovu la kushoto, akainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akifanya akiwa juu ya ngazi yake.

"Huyu alikosea hapa," akasema.

"Nani, Baba?"

"Mchoraji. Huyu mama ako nyuma, mkono yake ilikuwa chini kwanza. Akaona haikai, akafunika, akaweka ingine juu. Lakini ile ya kwanza imetokea. Kosa ya rangi haifi, unaizika tu."

Sikuona kitu. Nilimwomba mlinzi asogeze tochi. Ndipo nikauona, chini ya mkono ulioinuliwa, mstari mwembamba wa kahawia wa mkono mwingine, na vidole vyake vitatu. Mlinzi naye aliinama akatazama kwa muda mrefu. Alisema amekaa na mchoro ule tangu ujana wake na hajawahi kuuona mkono huo.

Nje, kwenye kivuli cha nguzo za mlangoni, niliketi chini nikavua kitambaa cha kichwa nikajifuta uso nacho. Baba akakaa kando yangu, akitafuta jiwe kwa mkono kwanza.

"Kule kwa kwanza nilikudanganya," akasema. "Sikuona chochote. Niliogopa kurudia watu vile nilitoka."

"Na hapa?"

"Hapa naona. Si yote. Ni kama niko ndani ya neti ya mbu. Jua ndio inanimaliza, lakini kitu ikiwa karibu na kuna kivuli, naipata."

"Sasa niwaandikie nini?"

Akafikiri. "Andika hivyo hivyo. Neti na yote. Waambie hata hiyo nimeshukuru."

Nikatoa simu, nikaandika. Nilipoinua uso nilikuta ananitazama, jicho moja limefumbwa, kichwa upande. Akanyoosha mkono akanigusa juu ya sikio.

"Kumbe umeota mvi," akasema. "Mbona hukuniambia?"