Ubeti wa Tatu wa Babu

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni, kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu alinyoosha mkono, wote wakanyamaza katikati ya ubeti wa tatu wa wimbo wa babu. Ubeti wangu, niseme ukweli.

Babu ndiye alikuwa mtunzi wa kwaya yetu hapa Mgeta. Alifariki akiacha wimbo mmoja haujaisha: beti mbili kamili kwenye daftari, nota za sauti zote nne, halafu vikaratasi vya ubeti wa tatu vyenye maneno na besi tu. Misa ya kumkumbuka ni Jumapili. Mwalimu alitaka mjukuu anayejua nota amalizie, la sivyo wataimba wimbo mwingine. Mimi hata kujibu swali darasani naona aibu. Nilikubali kwa sababu nilishindwa kusema hapana.

Bibi anaukumbuka ubeti wote. Babu alimwimbisha humu humu jikoni. Nilimrekodi kwa simu akimenya njegere, nikaandika alichoimba kwenye mstari wa juu, wa sauti ya kwanza. Wiki mbili nzima nikahangaika kuupatanisha na besi ya babu. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa pale mazoezini dada mmoja wa sauti ya kwanza akadakia, "Mwalimu, mbona chini hivi? Mimi hapa nachimba viazi!"

Wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu.

"Huu ubeti umeutoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Kwa bibi."

Akashika kichwa. "Mama wa watu kaimba sauti ya pili tangu hajaolewa! Amekupa sauti ya pili, wewe umeifanya ya kwanza."

Nilifika nyumbani nimevimba. Hata shikamoo niliitoa nusu.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniomba wimbo, nikakupa. Mimi wimbo wangu ndio huo."

"Na sauti ya kwanza?"

"Hiyo waliimba wenzangu, babu yako alipokuwa anaujaribu humu jikoni; wote wametangulia. Mimi nilikuwa naisikia tu."

Nililala na hasira. Kwa bibi, kwa mwalimu, hata kwa babu, mtu anaandika besi na kuacha sauti inayobeba wimbo! Ila lile neno, "naisikia tu", halikuniacha.

Asubuhi, Ijumaa, nilichukua kigoda nikaketi mbele ya bibi jikoni. Nilifuta mstari wa juu wote, nikauandika upya kwenye mstari wa pili.

"Bibi, imba wako. Mimi natafuta wa juu. Nikikosea nisimamishe."

Nilikuwa sijawahi kuimba peke yangu mbele ya mtu. Akaanza. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Nota ya tatu tu, mwiko ukagonga sufuria.

"Siyo huko. Panda."

Nikapanda.