Kibuyu cha Mbege Kwenye Ofisi ya Ardhi

Mume wangu alizaliwa wa kati, na kwa Wachagga wa Masama hilo si jambo dogo. Kihamba cha wazazi, yaani lile shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya babu zao, hurithiwa na mtoto wa kwanza na kitindamimba. Wa kati hupewa baraka, akaambiwa ajitafutie. Wangu alijitafutia nyundo na tupa. Tulipanga chumba mjini, mtaa wa Majengo, akawa anatengeneza mashine za mkono za kumenya kahawa pale pale mlangoni, na majirani walituvumilia kuliko tulivyostahili.

Ndipo serikali ikaanza kugawa viwanja vya viwanda pembeni ya mji. Hati ilikuwa ya miaka thelathini na tatu, na aliyejenga karakana na kuanza kazi alisamehewa kodi ya ardhi kwa miaka kumi ya mwanzo. Msamaha huo ndio uliotutia moyo, maana kununua mabati na kulipa kodi kwa pamoja tusingeweza hata kwa miujiza. Mume wangu aliomba, akahojiwa, akaambiwa arudi Jumatatu barua itiwe saini. Jumapili tulipanda Masama kumpa mama yake habari njema.

Mama mkwe wangu alitusikiliza huku akipepeta ulezi. Alikuwa mfupi, mbishi, na mwenye mapenzi ya kuchosha. Akikupenda, unaondoka kwake na mzigo wa ndizi mpaka kiuno kinalalamika.

"Mtawapa nini kila mwaka?" aliuliza.

"Hatutoi kitu, Mama," mume wangu alisema kwa furaha. "Tumesamehewa."

Akaweka ungo chini. "Umepewa ardhi, halafu hutoi kitu?"

Kwake hiyo ilikuwa hatari tupu. Huko mlimani, ukiazimwa shamba, kila mwaka unampelekea mwenye shamba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, naye anainywa mbele ya watu. Siku ugomvi ukizuka, wale waliokunywa ndio wanaosimama na kusema shamba ulipewa kweli. Asiyetoa kitu hana shahidi. Tulimweleza habari za hati, saini na muhuri mpaka mate yakatukauka. Mwishowe alikubali ghafla, nami kwa ujinga wangu nikadhani ameelewa.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye benchi la ofisi ya ardhi pamoja na watu wengine sita. Nikamwona anavuka barabara, kibuyu kichwani, amevaa kitenge chake cha kanisani. Niligeuza uso kama simjui. Nasema kweli, nilimwonea aibu. Siku zile redio haikuchoka kuwasema wala rushwa, na huyu analeta pombe mchana kweupe, siku yenyewe ya saini! Alitupita bila hata kututazama, akaingia ndani. Tukamfuata mbio.

Afisa alikuwa kijana wa kutoka Pwani, Mwislamu, shati limenyooka. Alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta ya shamba la huyu." Akatua kibuyu juu ya meza, kando ya jalada letu.

Afisa aliweka kalamu chini. "Ndugu," alimwambia mume wangu, "hii ni rushwa. Naweza kulifunga jalada lako sasa hivi."

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilieleza yote, mtoto wa kati, kihamba, mbege na mashahidi, kwa hasira na kwa hofu, na sijui nilimkasirikia nani. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema kwa upole kidogo, "mimi sinywi. Na hata ningekuwa nakunywa, kiwanja si changu."

"Ni cha nani?"

"Cha umma. Ni cha wananchi wote, hata wale waliokaa benchi hapo nje."

Mama mkwe aligeuka, akawatazama wale watu mmoja mmoja kupitia mlangoni. "Basi na wanywe hao."

Afisa alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Barabarani," alisema. "Si hapa kwangu."

Walikunywa barabarani, wote sita, na wa saba akawa tarishi wa ofisi. Kata ya kunywea ilizunguka, na kila aliyekunywa mama mkwe alimwuliza, "Umeona?" Hakuiachia kata iende kwa mwingine mpaka mtu ajibu, "Nimeona." Baadaye afisa alitoka na barua yenye saini, akaisoma kwa sauti mbele yao, na mama mkwe akaitikia amina.

Tukajenga. Miaka ikapita, yule afisa akahamishwa, na mama mkwe tukamzika kwenye kihamba cha mwanawe wa kwanza. Nilimlilia kuliko nilivyotarajia. Mwaka wa nane ikaja barua: msamaha wetu hauonekani popote, tulipe kodi yote ya nyuma au turudishe kiwanja. Nakala yetu ya ile barua ya saini ilikuwa imeliwa na mchwa. Tulikaa tena kwenye lile benchi, mume wangu ameshika kofia.

Tarishi alipita na birika la chai. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Akasimama. "Ninyi si wale wa kibuyu?"

Tulipomweleza, aliweka birika chini, akaingia stoo. Alitoka alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, jalada letu kwapani, barua ya msamaha ndani yake. Lilikuwa limechanganywa na mengine makabati yalipohamishwa. Mume wangu alianza kumshukuru, naye akamkatiza.

"Nilikunywa, nikaulizwa kama nimeona. Ningemjibu nini mama yenu?"

Mume wangu, ambaye hata msibani hakutoa chozi, alilia pale pale benchini.

Mimi nilikuwa nimekataa miaka yote kujifunza kupika mbege. Wiki ile nilipanda Masama kwa wifi yangu, akanifundisha. Ilitoka chachu kupita kiasi. Niliibeba hivyo hivyo kichwani, nikavuka barabara mbele ya macho ya watu, nikawanywesha waliokuwa benchini pale ofisi ya ardhi, na kila mmoja nikamwuliza kama ameona.