Rambirambi Zangu za Kipawa

Jamani, mwenzenu nimechoka hata kujicheka. Jumamosi nilishuka Dar kutoka Mwanza, na ndege ya kuniunganisha Mtwara ni ya jioni. Nikasema bora nitoke niuone mji. Na begi langu, juani, mji wenyewe ukaniishia hapo Kipawa, jirani tu na uwanja wa ndege.

Nikaona turubai, viti vya plastiki, wanaume wamekaa kimya, akina mama wanapika nyuma. Nikajua ni msiba, na msibani mtu haulizwi katoka wapi. Nikainamisha uso, nikaketi nipumzishe miguu.

Mama mmoja akanipokea begi. "Umekuja na ndege ya Mwanza, eh? Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Kwa uchovu ule sikubisha. Nikahamishiwa mbele, nikaletewa pilau, nikala kama sina kwetu. Mara mzee mwenye kanzu akasimama: "Mgeni wetu amefika. Tumsikilize."

Nikasimama, nikashusha pumzi. "Poleni sana wafiwa. Marehemu ametangulia, na sie njia yetu ni hiyo hiyo."

Akina mama wakaacha miiko. Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Mshenga," akasema taratibu, "binti yetu yumo ndani, mzima kabisa, anapakwa hina. Kwani aliyekufa ni bwana harusi?"