Simu ya Mwalimu Bilha Ililala kwa Losike

Mjini Lodwar, nyumba ya marehemu Ebenyo ilijulikana kuwa nyumba ya vitabu. Ebenyo alikuwa afisa wa elimu, na mjane wake, Mwalimu Bilha, alifundisha Kiswahili hadi alipostaafu. Kwa hiyo wasichana wa chama cha usomaji kule Kakuma walipomwalika azungumze nao juu ya riwaya waliyokuwa wakiisoma, alikubali bila kusita, akaagiza nakala yake.

Alasiri ya kwanza aliketi barazani, akafungua kitabu. Simu ikalia: picha za harusi ya mpwa wake. Akazitazama, akatuma pongezi, kisha akajikuta anamtazama mtu asiyemjua akikaanga chapati. Alipoinua macho, jua lilikuwa limezama naye bado yumo ukurasa wa kwanza. Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Hofu ikamwingia. Mke wa Ebenyo akae mbele ya mabinti wa watu, abwabwaje juu ya kitabu ambacho hakukisoma?

Aliizima simu, akaiwasha. Aliifungia kabatini, akaifungulia. Mwishowe akaipeleka sokoni kwa Losike, mwenye kibanda cha kuchaji simu.

"Ejok, Mwalimu!" Losike akamsalimia. "Kwani stima imepotea kwenu?"

"Wewe ichaji tu. Nitaifuata jua likizama."

"Lakini hii imejaa!"

"Basi iache ishibe."

Siku za mwanzo mkono wake ulikuwa ukipapasa mfuko mtupu. Lakini hadithi ilikuwa ya ndugu wawili waliogombea kisima, na kabla hajajua, Bilha alikuwa akiosha vyombo vya mchana harakaharaka ili arudi kisimani.

Tatizo ni kwamba simu ikilia, Losike aliipokea. "Mwalimu hayupo. Simu yake iko hapa kwa chaji." Maneno yakasafiri mpaka Kainuk kwa ndugu za marehemu, na yalipofika huko yalikuwa yamenenepa: nyumba ya Ebenyo imekatiwa stima. Alasiri moja shemeji yake, Ebei, akatokea langoni na paneli ya sola begani, uso umekunjamana.

"Shemeji, unatuaibisha! Nyumba ya kaka yangu iko gizani, na sisi tuambiwe na mtu wa kibanda?"

Bilha akabonyeza swichi. Taa ikawaka mchana mweupe. Ebei akaikodolea macho.

Angeweza kusema kwamba soketi imeharibika. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Stima ipo, Ebei. Mwenye kasoro ni mimi. Simu ikiwa karibu simalizi hata ukurasa, nami nimealikwa Kakuma kama msomaji."

Ebei alishusha paneli, akavuta pumzi ndefu, kisha akaangua kicheko.

"Mungu ashukuriwe! Njia nzima nilikuwa naomba isiwe njaa." Akapunguza sauti. "Hata mimi, tangu ninunue hii yangu, Biblia naisikia kanisani tu. Haya, unasoma nini?"

Akamsomea. Kila alipotua, Ebei alisema, "Ehe, halafu?" Kesho yake, kabla ya kurudi Kainuk, alikaa tena barazani, na siku hiyo Losike alipewa simu mbili za kuchaji, ya Bilha na ya Ebei.

Siku ya Kakuma ilipofika, Bilha alikuwa amekimaliza kitabu hadi mstari wa mwisho. Wasichana walibishana naye juu ya kisima mpaka chai ikapoa. Halafu Estelle, aliyetoka Kongo, akainua mkono.

"Mama, we unafanyaka je? Miye simu inanishindaka."

Bilha hakujikweza. "Hata mimi ilinishinda, binti yangu. Ndiyo maana kila alasiri simu yangu hulala sokoni, kibandani kwa Losike." Wakacheka wote, na mabega yake yakawa mepesi kama ya mtu aliyetuliwa mtungi.

Aliporudi Lodwar alipita kibandani na kitabu kipya kwapani, akamkabidhi Losike simu. Hata hajageuka, ikalia.

"Ni shemeji yako," Losike akasema. "Anauliza kisima kilimwendea nani."

"Mwambie nitampigia jua likizama."

Losike akaweka simu sikioni. Alipoongea, nusu ya soko ilimsikia: "Ngoja kidogo, bwana. Mwalimu anaenda kusoma."

Bilha akashika njia ya nyumbani, taratibu, ili asikie vizuri.