Panga Jipya la Ndege ya Kaka

Panga la ndege lilivunjika mikononi mwangu, na sitasingizia upepo. Nilikuwa nimeambiwa niitembeze ndege chini kwa chini kwenye uwanja wa mpira, mwendo wa baiskeli, hadi goli la pili kisha nirudi. Nilifika goli la pili salama. Wakati wa kurudi nikataka kujua kingetokea nini nikiongeza mafuta kidogo. Kilichotokea ni kichuguu. Pua iliinama, panga likakipasua kichuguu kama bwana harusi anayekata keki, na nusu ya panga ikaruka juu kuliko ndege yenyewe ilivyowahi kuruka.

Kamusi inaliita rafadha. Karakanani kwetu tuliliita panga, kama la feni ya darini: kile kipande kirefu cha ubao kinachozunguka mbele ya pua na kuivuta ndege.

Ndege ilikuwa ya Kaka. Hatuna damu moja. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti pembezoni mwa Tunduma, nami nilifika kwake nikitokea Zambia kwenda nisikokujua, pikipiki yangu imevunjika stendi. Nyuma ya mageti nikaona bawa. Nikauliza. Stendi ilipona ndani ya dakika kumi, na miezi minane baadaye nilikuwa bado niko pale. Mimi na mke wake tuliitana shemeji, cheo kilichompa haki ya kunitukana bila kuvunja adabu.

Ilikuwa ndege ya kiti kimoja, mabomba membamba na turubai, na injini ya gari dogo la zamani, lile la mgongo wa kobe. Watu waliuliza kama tuna kibali. Utaombaje kibali cha kitu ambacho kuku bado wanatagia?

Siku ile ya kichuguu shemeji aliokota kipande cha panga akakigeuzageuza.

"Hiki ni cha kuni, au mnakizika?"

Akamgeukia mumewe. Sasa, uani kwao kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka, zawadi ya ndugu yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, imefunikwa magunia tangu msimu uliopita. Ilikuwa imekamilika isipokuwa injini. Kila asubuhi shemeji aliipita akienda kusagisha mtaa wa pili, debe kichwani.

"Baba, nimevumilia," alisema. "Nawapa mpaka Jumamosi. Mkipata panga lingine likavuta kilo themanini, injini ni yenu na sitafungua tena mdomo. Lisipovuta, Jumapili tukitoka kanisani injini inahamia kwenye mashine yangu. Mahindi hayana haja ya kuruka."

Kilo themanini hakuzitoa hewani. Alikuwa amemsikia Kaka akisema mara mia kwamba chini ya hapo ndege itabaki kuwa toroli lenye mabawa.

Kaka hakunifokea. Angenifokea ningelala usingizi. Alisema tu, "Umevunja wewe, utachagua wewe."

Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kunichosha na vitabu. Siku mbili nikaisoma simu mpaka ikapata moto. Nilijifunza kwamba panga lina vipimo viwili. Cha kwanza ni urefu. Cha pili ni mpindo wake, yaani likizunguka mara moja lingesogea mbele kiasi gani, kama skrubu inavyozama kwenye ubao. Ukizidisha urefu, ncha zinalima ardhi. Ukizidisha mpindo, injini inazidiwa. Ukipunguza vyote una feni. Nilijiona profesa.

Nikaenda Nakonde. Kwenye uwanja wa vyuma chakavu jamaa mmoja alinivuta mkono mpaka nyuma ya kabati la barafu bovu.

"Iwe, boi, iyi ni ya ndege kabisa! Si ya kupepea!"

Kweli lilikuwa panga la ndege, la chuma, linang'aa. Alisema lilitoka kwenye ndege ya kunyunyizia dawa iliyoanguka shambani.

"Ilianguka kwa sababu ya panga?"

"Awe, hapana! Rubani alikuwa amelewa."

"Panga halikupata kitu?"

"Zima kabisa."

"Na rubani?"

"Mzima pia. Siku hizi anafuga kuku."

Nililisimamisha pembeni yangu. Likanipita kichwa. Pua ya ndege yetu ilikuwa chini kiasi kwamba panga linalopita kwapa langu lingechimba mtaro. Nilimwambia jamaa kwamba ninachotafuta ni cha kuruka, sijaja kununua plau. Akaniambia niirefushe ndege miguu.

Kurudi, dereva mmoja kwenye foleni ya malori alinipa feni ya plastiki ya rejeta, mapanga manane, akaapa kwamba upepo wake ulishawahi kumvua kofia. Tuliifunga kwa adabu tu. Kipimo chetu kilikuwa hivi: ndege inafungwa kamba mkiani, kamba inashikwa na mizani ya kuning'iniza, mizani inafungwa kwenye chasisi ya lori lililokufa. Injini ikiunguruma ndege inajaribu kwenda, na mizani inasema inavuta kilo ngapi. Mizani tuliazima kwa mnunuzi wa mahindi, na tangu izaliwe haijawahi kumpendelea mkulima. Feni ya rejeta ilivuta kilo kumi na moja.

"Hata tukiongeza kilo anazoiba mwenye mizani," Kaka alisema, "hazifiki."

Zilibaki siku nne. Ndipo nikamkumbuka mchonga nira mmoja niliyewahi kusikia sifa zake.

Aliishi bondeni Momba, kwenye kaya zilizohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa, na huko wanaolima kwa jembe la ng'ombe walisema nira yake haijawahi kumchubua mnyama shingo. Alikuwa rika langu, mwenye mikono mipana na majivuno ya kutosha watu wawili. Nilimpa ile nusu ya panga iliyosalimika. Akainusa.

"Hii inavuta nini?"

"Upepo."

"Upepo una shingo?"

"Hauna."

"Basi mnaufunga wapi?"

Nikaeleza skrubu, hewa, mabawa. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi mwenye pesa. Kisha akashusha darini gogo la mninga lililokauka miaka kadhaa, akachukua tezo, na kazi ikaanza.

Siku tatu nilikaa pale, na nasema kweli, sijaona mtu akifanya kazi kwa raha namna ile. Alikata kiolezo kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akakikunja katikati, ili upande wa kushoto na wa kulia vilingane. Akachonga upande wa kwanza akifuata ile nusu yangu, mpaka ukitazama hujui ipi mama ipi mtoto. Kisha akachonga wa pili kwa kupapasa: kiganja cha kushoto kwenye upande uliokwisha, cha kulia kwenye upande mpya, macho amefumba, kama anashika mashavu ya mtoto. Palipozidi alipunguza. Nilipiga msasa mpaka vidole vikatoka alama. Tulipima urefu: sawasawa. Tulipima unene: sawasawa. Tukalitundika katikati kwenye msumari likatulia kama maji kwenye sahani. Akalipaka samli ya ng'ombe.

"Mwambie huyo kaka yako," alisema, "nira yangu haijawahi kurudishwa."

Nilirudi na pikipiki, panga limefungwa mgongoni kukingama mabega, na njia nzima watu walinipisha kwa heshima wanayopewa wabeba msalaba.

Jumamosi asubuhi shemeji alitoa kigoda, akaketi pembeni mwa mizani akiwa na uso wa msimamizi wa uchaguzi. Kaka alilifunga panga, akalikagua, akanipiga bega. Hilo bega bado nalikumbuka. Akazungusha, injini ikashika.

Kuku walitawanyika. Mageti yaliyoegemezwa ukutani yakalia. Mimi nilikuwa nimesimama mbele kwa mbali, shemeji nyuma, na vumbi likatupiga wote wawili kwa usawa. Nilipaswa kujiuliza hapo hapo vumbi la mbele linatafuta nini. Ndege ilitetemeka pale pale iliposimama, kama mtu mwenye malaria. Kaka aliongeza mafuta. Ikatetemeka zaidi. Akazima kabla haijang'oa meno yake yenyewe.

Mizani ilisoma sifuri.

Shemeji aliinuka, akaigonga mizani kwa kidole. Akaenda ndani akarudi na ndoo ya maji, akaitundika. Kilo kumi na nane.

"Mizani ni nzima," alisema. "Shemeji, mmeshindwa na ndoo."

Kaka alikuwa ameshikilia panga. Aliweka kiganja upande mmoja, akakitelezesha, akaja upande wa pili, akarudia. Kisha akakaa chini, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeonyeshwa maiti yake.

"Hii ni nira," alisema.

Na kweli ilikuwa nira. Nira ina shingo mbili zinazotazamana kama mtu na kioo: kinachoinamia kulia upande huu, kinainamia kushoto upande ule, ndiyo maana ng'ombe wawili hutembea sawa. Panga la ndege halitaki kioo. Ukiligeuza nusu duara, upande wa pili unatakiwa ukae pale pale wa kwanza ulipokuwa, mpindo ule ule, kwa sababu pande zote mbili zinakata hewa zikikimbizana. Letu lilikuwa na upande mmoja unaovuta mbele na mwingine unaosukuma nyuma, kwa nguvu zinazolingana kabisa, kwa sababu fundi alikuwa hodari. Angekuwa mzembe tungepata hata kilo tano.

"Tunajua kosa sasa," nilimwambia shemeji. "Wiki moja tu."

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Haya."

Jumapili Kaka aliifungua injini mwenyewe, boliti moja moja, akakataa nimsaidie. Tuliibeba mimi na yeye hadi uani, bado tumevaa mashati ya kanisani. Kufikia Jumatano wanawake walikuwa wamepanga foleni na madebe mpaka barabarani, na shemeji akiwa mweupe kwa unga hadi kope, anaimba. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu. Kaka alisimama mlangoni akisikiliza.

"Inasaga vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mume mpya wa mke wake wa zamani.

Mimi mambo yakiharibika huwa naondoka. Ndicho kipaji pekee nisichokitilia shaka. Begi lilikuwa tayari. Alhamisi Kaka akanikuta naweka mafuta, akanifungia lile panga mgongoni.

"Lipeleke. Mwambie upande mmoja uko sawa, aufuate achonge lingine."

"Injini hatuna."

"Injini ya kwanza niliitafuta miaka minne nikaipata. Ya pili ikija, isinikute nahangaika na panga."

Kwa hiyo nikaenda. Mchonga nira aliponiona na mzigo, uso ulimbadilika kabla sijashuka. Nikamweleza, nikageuza panga taratibu mbele yake, mara moja, mara mbili. Alilichukua, akaligeuza mwenyewe. Akaweka kiganja kwenye upande aliouchonga kwanza.

"Upande huu uko sawa?"

"Huo uko sawa kabisa."

"Basi mimi nimepatia nusu," alisema, akiinuka kwenda kutafuta gogo. "Wewe uliyekaa hapa siku tatu na simu yako, umepatia ngapi?"

Nikachukua msasa.