Nimeambiwa niwekwe mrija shingoni, na mrija kama huo ndio ulinichukulia mume

Admin, ukiweka hii, ondoa jina langu. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, naishi Kiplombe na binti yangu ambaye hapa nitamwita Chebet. Figo zangu zimeshindwa kazi. Miguu imevimba, chakula chote kinaninukia vibaya, na nikitoka kitandani kufika mlangoni lazima nikae kwanza nipumue. Daktari anasema nianze kusafishwa damu kwa mashine, na kabla ya hapo aniwekee mrija kwa mshipa mkubwa wa shingo, uteremke mpaka karibu na moyo. Aliponionyesha kwa kidole mahali utaingia, niliinuka nikaenda nyumbani. Wacha niwaeleze kwa nini.

Ni ule mwaka wa 1988, tulipopiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Moi's Bridge, mtu wa kuchekacheka, na watoto walimpenda kwa sababu siku ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, hakuacha mtu nyuma. Akashikwa na homa ya matumbo. Sisi tulidhani ni malaria, tukamtibu malaria, mpaka utumbo ukatoboka. Tulimleta Eldoret kwa gari la mahindi, akapasuliwa siku hiyo hiyo.

Baada ya kupasuliwa hakuweza kula wala kunywa, na mikono yake ilikuwa imedungwa mpaka mishipa ikapotea. Daktari aliyempasua, mtu mpole wa maneno machache, akaniita akasema dripu haina tena mahali pa kupita, itabidi atafute mshipa mkubwa ulio chini ya mfupa wa bega. Walimlaza kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Mimi nilibaki nje ya pazia, Chebet akiwa mtoto wa mgongoni. Siku hizo hakukuwa na mashine ya kuonyesha mshipa. Daktari alipapasa mfupa, akakadiria, akadunga.

Kabla ya jioni mume wangu alianza kuhema kama mtu aliyepanda mlima. Daktari aliitwa, akamgongagonga kifua kwa vidole, akasikiliza, akaagiza picha ya kifua. Kisha akanijia pale kwenye benchi. Akaniambia, "Mama, sindano yangu imegusa pafu, hewa imevuja na inalibana. Hiyo ni mimi nimefanya, na ni mimi nitaitoa." Sijawahi kumsahau kwa hilo. Miaka ile mkubwa hakukuambia amekosea, na wewe hukuuliza. Alimwekea bomba ubavuni, likaingia kwa chupa ya maji chini ya kitanda, hewa ikawa inatoka ikitoa mapovu. Kesho yake mume wangu alipumua vizuri. Dripu ikapita kwa ule mrija wa begani, dawa ikapita, akaanza kurudi. Alianza kunywa uji. Akaniuliza kama shule imefunguliwa.

Yule daktari alikuwa amesema mrija utolewe mara tu mgonjwa akiweza kunywa mwenyewe, kwa sababu ukikaa bila kazi unaalika uchafu kwenye damu. Lakini akapewa uhamisho, akaondoka ghafla. Waliobaki wakauacha. Plasta ililowa jasho, ikabanduka upande mmoja, na pale unapoingilia ngozi ikawa nyekundu. Kila wakipitisha dawa, alitetemeka mpaka kitanda kikatetemeka naye. Nilimwambia sista. Nikamwambia na daktari mwingine, kwamba yule wa kwanza alisema utolewe. Akanitazama akauliza, "Wewe umesomea wapi udaktari?" Nikaambiwa ningoje mkubwa wa wodi arudi kutoka Nairobi.

Aliporudi alikasirika sana, akautoa mrija papo hapo. Lakini sumu ilikuwa imeshasambaa kwa damu. Mume wangu hakunijua tena. Tulimzika kwao Ainabkoi mvua ikinyesha, nikarudi kulea watoto peke yangu.

Sasa ni zamu yangu. Juzi Chebet alinirudisha kwa daktari, msichana mdogo kuliko yeye, na nikamweleza haya yote. Hakunikatiza. Akasema siku hizi anaangalia mshipa kwa skrini kabla ya kudunga, ananawa na kuvaa gauni safi, ananifunika mwili wote kwa kitambaa safi, halafu napigwa picha ya kifua. Akasema mrija utaguswa tu na watu wa mashine, nisiuloweshe, na nikisikia baridi au homa nije bila kungoja mtu. Baadaye nitapasuliwa kidogo mkono, mshipa wake uunganishwe upanuke uweze kutumiwa na mashine, na huo ukiwa tayari mrija wa shingo utatolewa. Nikamuuliza kama ananiahidi hakuna kitu kitatokea. Akasema, "Hapana mama, siwezi kukuahidi hivyo. Lakini bila mashine najua kitakachotokea."

Tukiwa njiani kurudi Chebet akaniambia, "Baba sikumjua. Usinifanye nikose na wewe."

Jamani, mimi nimechoka. Nimelea, nimezika, nimekaa kwa mabenchi ya hospitali mpaka nayachukia. Kufa siogopi sana. Naogopa kulala pale nikitetemeka, na binti yangu akiulizwa amesomea wapi udaktari. Wengine wa kanisani wananiambia nikatae, niende na heshima zangu. Wengine wanasema ni dhambi kukataa.

Msiniambie tu Mungu yupo, hilo nalijua. Nataka nisikie kwa aliyewahi kulala na huo mrija, au aliyemuuguza mwenye nao. Nikubali, ama nikae tu nyumbani? Daktari anataka jibu Alhamisi. Chebet yuko jikoni ananipikia mboga bila chumvi, hajui naandika hii. Ameacha kuniuliza, lakini kila akipita mlangoni ananitazama.