Mpunga Juu ya Lami

Mpunga uliotoka shambani ukianikwa kwenye lami iliyopata jua hutoa harufu ya peke yake, nusu majani, nusu mafuta ya taa. Juzi niliinusa nikipita Lumemo. Nilishusha kioo cha gari, kisha nikakipandisha haraka.

Nilipokuwa na miaka tisa, barabara ya kwetu ilikuwa ya udongo, na masika ilikuwa tope tupu. Magari yalikuja yakijikokota na kuguna. Bibi, mama yake mama, alikuwa amebakiwa na sikio moja, nalo la kubahatisha, kwa hiyo masikio yake yalikuwa mimi. Alianika mpunga kwenye turubai lililoingia hadi barabarani, maana jua zuri lilikuwa huko, nami nilikaa mlangoni nikisikiliza. "Bibi, hilo lori la Mngeta, limebeba." "Hilo lina breki mbovu." Sikukosea hata siku moja, na nilijisifu kupita kiasi. Bibi naye alikuwa na kanuni yake: ukisikia mlio, bado tuna muda wa kuzoa mpunga wote na kwenda kuchungulia ugali. Na kweli, lori lilipochomoza kwenye kona lilitukuta tumekaa, tunalipungia mkono.

Kisha ikaja lami. Tuliifurahia, nisiseme uongo. Wanawake ndio waliofurahi zaidi, kwa sababu mpunga uliotaka siku tatu kukauka sasa ulitaka moja, tena hauna mchanga. Bibi alikunja turubai lake akalisukumia uvunguni.

"Serikali imetuletea uwanja wa kuanikia," alisema, na hakuwa anatania.

Siku moja alasiri wingu lilitanda upande wa milima. Bibi alikuwa amepiga magoti katikati ya mpunga, anauzoa kwa sinia na kuujaza kwenye kiroba. Nikasikia mlio. Ulikuwa mwembamba, wa mbali kabisa.

"Gari?" akauliza bila kugeuka.

"Bado, Bibi. Liko mbali. Malizia tu."

Akamalizia. Hakuinua hata kichwa, maana aliyemwambia nilikuwa mimi. Lilikuwa gari dogo jeupe, na lilifika kabla sinia halijajaa.

Mama alikuja mbio kutoka shambani, matope hadi magotini. Bibi alikuwa ameshafunikwa kanga. Mama alinishika mabega akanitikisa.

"Hukulisikia? Wewe na masikio yako yote hayo, hukulisikia?"

"Sikulisikia, mama."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote, na wote waliniamini. Baada ya msiba mama alinipeleka hospitali nikapimwa masikio. Daktari akasema ni mazima. Mama hakumwamini hata kidogo, akawaambia ndugu kwamba mtoto amerithi ugonjwa wa bibi yake.

Nilielewa ukubwani tu, nilipojifunza kuendesha gari. Sikio langu lilisikia sawasawa. Mlio ule ule ambao kwenye tope ulitupa muda wa kupika na kuepua, kwenye lami ulitupa pumzi chache, na hakuna aliyetuambia. Siku ya kufungua barabara walikuja wakubwa wakahutubia mpaka tukachoka kupiga makofi, lakini hilo hawakuligusa. Nina hasira nao hadi leo. Najua pia kwamba ninaishika hasira hiyo kwa sababu inanisaidia nisimfikirie yule mtoto pale mlangoni, aliyesikia vizuri na akasema malizia.

Mama sasa ni mzee. Nikienda kumsalimia Ifakara, nikisema shikamoo, huitika kwa kupaza sauti hadi majirani wanacheka: "Marahabaa! Umekula, mwanangu? Nasema, UMEKULA?" Nami kila mara namsogezea sikio, kama mtu asiyesikia.